Majani si taka

Ndugu Mhariri,

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, na kila Jumamosi naona yale yale: ukoka uliofyekwa na majani ya mwembe vinashindiliwa kwenye viroba pamoja na chupa na pampasi, kisha mwenye guta analipwa avipeleke dampo. Mengine huchomwa uani, moshi ukamfuata jirani aliyeanika nguo. Wiki inayofuata mwenye nyumba huyo huyo ananituma nikanunue mbolea!

Mimi majani hayo huyarundika kivulini: tabaka la majani makavu, la ukoka mbichi, samadi ya kuku kidogo, maji kiasi. Nachomeka kijiti katikati. Nikikichomoa kina joto, najua kazi inaendelea. Kikitoka cha baridi na kikavu, naongeza maji na kugeuza. Miezi mitatu hivi, napata mboji nyeusi inayonukia kama udongo wa mvua ya kwanza.

Halmashauri zetu zikitenga siku ya kuzoa majani peke yake, hata dampo la Pugu Kinyamwezi litapumua. Nanyi wenye nyumba, tupeni basi kona moja tu ya ua.

Mtunza bustani,
Mbezi, Dar es Salaam