Kazi za Walimu Zitafutiwe Kabati

Kila shule zinapofunguliwa, makundi ya WhatsApp ya walimu wa Tanzania hujaa ombi lile lile: "Wadau, naomba azimio la kazi la Hisabati darasa la tatu." Haupiti muda mrefu, linatumwa faili lenye jina kama DOC-20240115-WA0007. Mwombaji anashukuru, wengine wanapakua, mazungumzo yanahamia kwenye uhamisho na madaraja. Baada ya wiki mbili mwalimu mwingine anaomba kitu hicho hicho, na aliyetuma faili lile halioni tena kwenye simu yake.

Ukarimu huo ni hazina. Kinachokosekana ni kabati.

WhatsApp inafaa kusambaza, lakini haikuundwa kutunza. Faili ambalo halijapakuliwa halikai kwenye mitambo ya kampuni milele, na simu ikiibwa, kazi ya miaka huondoka nayo. Hasara imekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza katika madarasa ya mwanzo, yakiwamo la kwanza na la tatu. Jina la faili lisiposema ni la mtaala upi, mwalimu anaweza kuandaa kipindi kizima kwa muhtasari uliokwisha kuachwa.

Dawa yake ni nafuu. Google Drive humpa kila mwenye akaunti GB 15 bila malipo, nafasi inayotosha maelfu ya maandalio ya somo. Folda zikipangwa kwa darasa, somo na mada, na faili likaitwa "Hisabati_D3_Sehemu_Zoezi_2024", hata mwalimu mgeni atalipata bila kumsumbua mtu. Vitabu vya kiada havina haja ya kunakiliwa humo. Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo katika Maktaba Mtandao yake, kwa hiyo kiungo kinatosha. Hadithi za African Storybook, zikiwamo za Kiswahili, zina leseni huria inayomruhusu mwalimu kuzichapa na kuzirekebisha. Majina na alama za wanafunzi, hata hivyo, yasiingizwe katika folda ya pamoja.

Wapo watakaouliza kuhusu bando na umeme, na wana haki. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyogawiwa walimu havikuondoa gharama ya intaneti. Ndiyo maana folda hiyo lazima iwe na nakala kwenye flashi ya ofisi ya taaluma. Hata programu ya bure ya Kolibri ilitengenezwa kwa mazingira hayo: kompyuta moja hubeba masomo, na vifaa vya jirani huyasoma bila intaneti.

Kazi ya kupanga isiachiwe kijana mmoja anayejua kompyuta, aifanye usiku kwa bando lake. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) tayari unawakutanisha walimu katika jumuiya za ujifunzaji, shuleni na kwenye klasta. Hapo ndipo mahali pake. Afisa elimu kata anaweza kuanza na kikao kimoja na somo moja: kila mwalimu alete andalio lake bora, wenzake walipitie, lipewe jina linaloeleweka na kuhifadhiwa likiwa na jina la aliyeliandika. Halmashauri nayo ilipie bando la siku hiyo.