Protini nazo zina haki ya maabara Mwanza
Mtoto wa Mkuyuni akipelekwa hospitali ya Bugando amevimba taya kwa saratani ya Burkitt, dawa atakazopewa zinaponya wengi, lakini huua seli zinazogawanyika upesi bila kutofautisha nzima na mbovu; dawa ya kutofautisha itatoka kwa wanaosoma jinsi protini zinavyopashana habari ndani ya seli. Ugonjwa huu, unaowaandama watoto wa ukanda wetu wa Ziwa Victoria, ulielezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Baadaye ikafahamika kwamba vipande vya kromosomu hubadilishana mahali, na jeni ya MYC, iliyopaswa kutulia, ikawa inaamuru seli igawanyike bila kukoma. Tena protini ya MYC haitendi peke yake: hushikana na nyingine iitwayo MAX, na watafiti wanasaka njia ya kuzitenganisha. Wapo wasemao fedha ziende kwanza kwenye vyandarua. Hoja hiyo ni nzito, maana malaria yenyewe huchangia saratani hii. Ila kazi ya mwanabiolojia wa molekuli huweza kuchukua miongo kuzaa dawa, hivyo kumngojesha hadi malaria iishe ni kumnyima nafasi kabisa. Taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, ina kituo Mwanza, na chuo kikuu cha afya cha CUHAS kinafundisha madaktari hapohapo Bugando. Waajiriwe humo watafiti wa kudumu, wenye maabara na mshahara usiokatika mradi wa mfadhili unapokwisha.