Mashairi ya ung'eng'e: tunasoma au tunameza madesa?

Leo tuache kidogo siasa na mpira, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tulikipitia tukiwa tumekunja sura: mashairi ya Kiingereza sekondari. Kuna atakayesema hiyo si habari. Ni habari bwana. Tangu Januari 2024 Tanzania imeanza kutumia mtaala ulioboreshwa wa 2023, na neno "umahiri" linatajwa kila kona mpaka limechoka. Mimi kipimo changu ni kidogo sana. Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne shairi fupi ambalo hajawahi kuliona, halafu umuulize: humo ndani nani anaongea, na anaongea na nani? Akijibu hilo kwa maneno yake mwenyewe, mtaala umefanya kazi. Akikutajia dhamira tano kwa mkupuo, ujue ni yale yale.

Kaa kwenye kafe yoyote iliyo karibu na shule mitihani ikikaribia, utaona kinachochapishwa. Madesa. Kurasa tano sita: jina la shairi, dhamira, ujumbe, tamathali za semi, uhusiano na jamii ya leo, kwisha. Shairi lenyewe halimo! Yaani mtu anaujua ujumbe wa shairi ambalo hajalisoma, na anaweza kukueleza kuwa lina kejeli bila kujua anayekejeliwa ni nani. Tena desa la mwaka huu limenakiliwa kutoka la mwaka juzi, na makosa ya tahajia yakiwa pale pale.

Nichukue mfano mmoja tu, maana huu ni mtamu. Kuna shairi la Henry Barlow wa Uganda linaitwa "Building the Nation", limefundishwa sana Afrika Mashariki. Desa litakwambia: dhamira ni matabaka, ufisadi na unafiki wa viongozi. Sawa, si uongo. Ila shairi linafanya zaidi ya hapo. Anayesimulia ni dereva. Kampeleka bosi wake, Katibu Mkuu wa wizara, kwenye hafla ya mlo wa mchana. Bosi kala kashiba, dereva kangoja nje. Wakati wa kurudi bosi anakumbuka kuuliza, eti umekula? Dereva anajibu kuwa hajala, anapunguza mwili. Hebu soma jibu hilo kwa sauti ya dereva unayemjua. Hiyo ni dharau iliyovaa adabu. Bosi naye anajitetea kuwa hata yeye hakula, alikuwa kwenye shughuli za taifa, na mwisho wote wawili wanaugua tumbo, kila mmoja kwa sababu yake.

Sasa kuna kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye desa lolote. Katikati ya Kiingereza chote kile, bosi anamwita dereva wake "mwananchi". Neno letu! Mtoto wa Tandika au wa Kakamega analisikia neno hilo kuliko Mwingereza yeyote. Anajua linavyotamkwa jukwaani na mtu anayetaka kura, na anajua uzito wake linapotamkwa na aliyekaa kiti cha nyuma akipiga miayo. Hapo mwanafunzi wetu ndiye mtaalamu, ticha amsikilize. Lakini hakuna anayemuuliza, kwa sababu kwenye jedwali la tamathali za semi neno hilo halina safu yake.

Na kuna hili. Barlow mwenyewe alikuwa mtumishi mwandamizi wa serikali ya Uganda. Yaani alikuwa karibu zaidi na kiti cha nyuma kuliko usukani. Madesa yanaandika "mshairi analalamika kwamba ameshinda na njaa". Mshairi hakushinda na njaa jamani, ni dereva! Mtu wa ofisini kajivika sauti ya anayemwendesha ili awacheke wenzake, pengine na yeye akiwamo. Ukichanganya mshairi na msemaji, nusu ya utamu imemwagika.

Kwa nini inakuwa hivyo? Wengi watakimbilia kusema walimu wabovu. Mimi nasema angalia mtihani kwanza. Kwa miaka mingi sehemu ya fasihi kwenye karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne imekuwa na swali la aina moja: kwa kutumia mashairi mawili uliyosoma, onyesha jambo fulani. Vitabu vyenyewe vinajulikana, "Growing Up with Poetry" kilichohaririwa na David Rubadiri, "Summons" cha Richard Mabala, na "Song of Lawino" na "Song of Ocol" za Okot p'Bitek. Orodha ikishajulikana na sura ya swali ikishajulikana, mwenye akili anatengeneza desa. Mwanafunzi hana kosa, anacheza mchezo kwa sheria alizopewa. Ticha mwenye darasa lililofurika na nakala mbili za kitabu naye atafanya nini? Ataandika dhamira ubaoni.

Jirani zetu Kenya walienda njia nyingine. Kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, swali la ushairi huja na shairi ambalo mtahiniwa hajalisoma darasani, liko pale pale kwenye karatasi. Huwezi kulidesa. Wakenya nao wana mbinu zao za kukariri, msiniambie hawana (kuna orodha za majina ya toni na hisia wanazimeza kama vidonge), ila angalau mtu analazimika kusoma mistari iliyo mbele yake. Mfumo wa 8-4-4 unaishia na watahiniwa wa 2027, na mimi ningependa kuona wakibeba swali hilo waende nalo kwenye mfumo mpya.

Msidhani pia hii ni shida ya Waafrika tu. England watoto wanasoma kundi la mashairi 15 na kukariri vipande vyake kwa ajili ya mtihani wa GCSE. Agosti 2020, kwa sababu ya korona, msimamizi wa mitihani Ofqual aliruhusu shule kuliacha somo la ushairi kwa mtihani wa 2021, washairi wakaja juu. Wanalo pia swali la shairi ngeni, lakini.

Turudi nyumbani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule yule anayeganda mbele ya Barlow, kipindi kinachofuata anaingia darasa la Kiswahili na kuchambua "Wasakatonge" ya Muhammed Seif Khatib bila kusuasua. Wavuja jasho wale wale, kejeli ile ile. Anajua kuhesabu mizani, na anajua kugombana kama shairi lisilo na vina ni shairi, ugomvi ambao Kezilahabi aliuchochea na "Kichomi" mwaka 1974. Kumbe uwezo anao! Ukuta uko kati ya madarasa mawili. Ticha wa Kiswahili na ticha wa Kiingereza wanakaa ofisi moja, wanakunywa chai pamoja, na hawajawahi kuyaweka mashairi hayo mawili kwenye ubao mmoja.

Tena darasa la Kiingereza, ukifungua mdomo kwa Kiswahili unaadhibiwa. Sasa mtu atajadili vipi utani kwa lugha ambayo bado anatafuta maneno ya kuombea ruhusa ya kwenda chooni? Kumbuka Okot mwenyewe alianza na Kiacholi kabla ya Kiingereza, na Paul Sozigwa akatupatia "Wimbo wa Lawino" kwa Kiswahili mwaka 1975. Kitabu hicho kingewekwa pembeni ya kile cha Kiingereza, darasa lingewaka moto. Jadilini kwa Kiswahili dakika ishirini, gombaneni, chekeni, halafu kila mtu aandike kwa Kiingereza. Mtihani utabaki wa Kiingereza, sijasema ubadilishwe lugha, msinirushie mawe.

Ninachotaka kwa watunga mitihani ni kimoja: shairi moja ngeni, fupi, kwenye karatasi ambayo kila mtahiniwa anaifanya, na swali la kwanza liwe nani anaongea. Mwaka wa kwanza matokeo yatatisha, najua, na magazeti yatapiga kelele. Mwaka wa pili wauza madesa watakuwa wameanza kutafuta biashara nyingine.

Nyie mlioko shuleni sasa hivi, na nyie walimu mnaosoma kimya kimya: ticha wako aliwahi kuwasomea shairi la Kiingereza kwa sauti, lote, mwanzo mpaka mwisho, kabla ya kuandika chochote ubaoni? Semeni ukweli hapo chini, majina si lazima.