Baraka: Tairi ngumu ya kinga haifungwi kwa chuma

Kwenye barabara ya taifa namba 5, toka Uvira kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka, kinga si chombo cha michezo. Ndiyo inayoshusha makala na mihogo sokoni, ndiyo inayopandisha ndagala vijijini, ndiyo inayobeba bidoni za maji pale ambapo bomba ni kavu. Kwa familia ya wahami iliyofika na godoro moja na sufuria mbili, kinga ndiyo shamba, tena ndiyo duka. Janti ikivunjwa kwa fundi asubuhi, jioni hapapikwi kitu.

Kwa hiyo inafaa kusema waziwazi juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: namna tairi ngumu zinavyofungwa siku hizi kando ya barabara. Zinazungumzwa hapa zile za baiskeli za milimani, VTT, ambazo zimetengenezwa kutumika bila mpira wa ndani. Mafundi wanaziita tiubulesi. Tairi inagoma kuingia kwenye janti. Fundi anachukua turnevisi, au mpini wa kijiko, au kipande cha springi ya gari. "Iko nguvu, mama, lakini itaingia." Inaingia kweli. Ila ukingo wa janti umepinda, utepe wa ndani umechanika, pengine waya wa tairi nao umekatika, na kesho yake upepo hausimami. Mwenye kinga anaambiwa kwamba vitu vya Ulaya vya siku hizi havidumu. Huo ni uongo. Kilichoharibu ni chuma.

Bidhaa za ng'ambo hufika huku kwa boti toka Kigoma, au kwa barabara toka Bujumbura mpaka ukiwa wazi, na VTT zilizokwisha tumika Ulaya ni sehemu ya mitumba hiyo. Tairi zake hazikufikiriwa kwa ajili ya gunia la makala. Mwaka 1999 kampuni tatu za Ufaransa, Mavic, Michelin na Hutchinson, zilitoa pamoja mfumo unaoitwa UST: janti na tairi vinavyoshikana vyenyewe na kuzuia upepo, bila mpira wa ndani. Aliyelengwa ni mwanamichezo anayeshuka mlima kwenye mawe, mtu mmoja bila mzigo, anayetaka kupunguza upepo ili tairi ishike ardhi vizuri, na asipate pancha ile inayotokea mpira wa ndani unapobanwa kati ya jiwe na janti. Kwa kuwa hakuna mpira wa kushikilia upepo, ni lazima ukingo wa tairi ubane janti kabisa. Ule ugumu unaomkasirisha fundi si kasoro. Ndiyo kazi yenyewe ya tairi hiyo.

Na dawa ya ugumu huo imo ndani ya janti. Mtu akiondoa tairi na kuangalia, ataona katikati kuna mfereji unaozunguka gurudumu zima, na kila upande wa mfereji kuna bega lililoinuka kidogo. Tairi iliyokwisha jaa upepo inakaa juu ya mabega hayo. Lakini wakati wa kuifunga, ukingo wake unatakiwa uwe chini, mfereji­ni, si begani. Ukingo wa tairi una waya, au nyuzi ngumu sana, na hauvutiki kama raba. Upande mmoja ukipanda begani mapema, upande wa pili unabaki mfupi, na hapo hata watu wanne hawatauingiza. Upande mmoja ukishuka mfereji­ni, upande wa pili unapata nafasi. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayotosha.

Fundi anayejua hili anaanza kuingiza tairi upande ulio mbali na valvu, anamalizia kwenye valvu. Sababu yake ni kwamba pale penye valvu mfereji umezibwa na mguu wa valvu, tairi haiwezi kushuka. Wengi wanafanya kinyume: wanaanza kwenye valvu kwa kuwa ndipo macho yanapoenda kwanza, halafu wanamalizia upande mwingine kwa chuma na matusi. Akiisha kuanza vizuri, fundi anazungusha mikono yote miwili kwenye gurudumu, anaminya tairi pande zote mbili ili ishuke katikati, anasukuma ule ulegevu kuelekea pale palipobaki. Akifika mwisho na bado inabana, hachukui chuma. Anarudi mwanzo anaminya tena, maana karibu kila mara kuna sehemu imepanda begani bila yeye kuona. Maji ya sabuni yanapakwa ukingoni. Kipande cha mwisho kinasukumwa kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Wenye nafasi wana vile vijiti vya plastiki vya kuondolea tairi. Asiyekuwa navyo anaweza kuchonga kijiti cha mti mgumu na kukilainisha, na kitafanya kazi vizuri kuliko turnevisi yoyote.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wa huku wanajifungia wenyewe. Ili kuziba matundu ya spoki, wanakata mpira wa ndani uliozeeka na kuuzungusha kwenye janti kama mkanda. Kwenye kinga kubwa za zamani haina neno. Kwenye janti ya tiubulesi, mkanda ule mnene unajaza mfereji wote, na mfereji ukijaa tairi haina mahali pa kushukia. Kisha fundi anashangaa kwamba tairi iko nguvu. Utepe wa hapo unatakiwa uwe mwembamba, wa plastiki, uliobandikwa sawasawa hadi kufunika kila tundu.

Wakati mwingine tairi haiingii kwa sababu si ya janti hiyo. Hapa wachuuzi nao wana lawama. Kwenye ukuta wa tairi kuna namba mbili: ile ya inchi ambayo kila mtu anaisoma, na nyingine ya milimita ambayo karibu hakuna anayeisoma, kumbe ndiyo isiyodanganya. Inaandikwa kwa mfano 54-559 au 57-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye janti. VTT ya inchi 26 ni 559. Ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622. Na ile kinga nyeusi ya wazee, yenye tairi iliyoandikwa 28 x 1 1/2, ni 635. Mtu akinunua tairi ya "28" ambayo kwa milimita ni 622, akataka kuivisha janti ya 635, anatafuta milimita 13 ambazo hazipo duniani. Hakuna sabuni wala mfereji utakaomsaidia. Akifanya kinyume, tairi ya 635 kwenye janti ya 622, itaingia kirahisi mno, na itaruka ikijazwa upepo. Anayesoma au kusikiliza haya, kabla ya kutoa franka zake sokoni, aandike namba ya milimita kwenye karatasi aende nayo.

Halafu kuna upepo. Tairi ya tiubulesi ikiisha kuingia, inahitaji upepo mwingi kwa mara moja ili ukingo upande begani na kukaa. Inalia kwa kishindo, tena zaidi ya mara moja. Pompi ya mguu mara nyingi haiwezi. Basi kinga inapelekwa penye kompresa ya pikipiki na magari, na mashine hiyo haijui kwamba mbele yake kuna tairi ya baiskeli. Kiwango cha mwisho kimeandikwa ukutani mwa tairi kwa bar au psi, na kwa VTT pana ni kidogo sana kuliko cha gari kubwa. Kijana anainama, uso karibu na gurudumu, anasubiri kishindo. Ikipasuka, si tairi tu inayoumia. Katika yote yanayosemwa hapa, hili ndilo lisilotaka mjadala: anayejaza asimame pembeni, ajaze kidogo kidogo, na watoto wanaopenda kutazama wafukuzwe.

Sasa swali lenyewe. Je, kinga ya mzigo inahitaji tiubulesi? Mafundi wengine, hasa vijana, wanaitetea. Wanasema haipati pancha ya miiba. Ni kweli, lakini kwa sharti moja: ndani kuwe na ule maji mazito meupe ya utomvu wa mpira yanayoziba tundu mara linapotokea. Maji hayo yanakauka baada ya miezi michache, na penye joto kama la kando ya ziwa yanakauka mapema zaidi. Lazima yaongezwe tena na tena. Asiyekuwa na uhakika wa kuyapata atabaki na tairi tupu iliyobana, isiyoziba kitu. Mpira wa ndani, tofauti na hayo, unatiwa kiraka na gundi chini ya mwembe wowote toka hapa hadi Kalemie.

Uzito nao unasema. Tairi hizi zilifikiriwa kwa upepo mdogo na mtu mmoja. Anayefunga magunia mawili ya makala na bidoni juu yake akaenda na upepo mdogo, tairi itapinda kwenye kona, ukingo utaachana na janti, upepo wote utatoka kwa sekunde moja, na mzigo uko juu yake. (Kule Goma wenye chukudu hawana hofu hiyo, gurudumu la mbao lililovishwa kipande cha tairi kuukuu halijui upepo ni nini.) Kwa hiyo msimamo wa kuchukua ni huu: kwenye kinga ya kazi, tiubulesi itiwe mpira wa ndani, leo, kabla haijaleta shida. Si aibu. Hata huko Ulaya, anayepasukiwa mbali na nyumbani ndivyo anavyofanya.

Kazi hiyo ina mambo matatu ambayo fundi mwenye haraka anayaruka. La kwanza, kupapasa ndani ya tairi yote, polepole na kwa kitambaa. Utomvu ulikuwa unaficha miiba. Tairi iliyotembea mwaka mzima bila pancha inaweza kuwa na miiba mingi ndani, na kila mmoja unasubiri mpira mpya. La pili, tundu la valvu. Janti nyingi za tiubulesi zina tundu jembamba la milimita 6.5, wakati mipira yenye valvu nene kama ya gari inahitaji 8.5. Kwenye janti pana ya VTT tundu linaweza kupanuliwa kwa tupa ya duara, taratibu, na kingo zake zilainishwe ili zisikate mpira. Janti nyembamba iachwe, atafutwe mpira wenye valvu nyembamba. La tatu, kuutia mpira upepo kidogo kabla ya kufunga tairi, usije ukabanwa chini ya ukingo. Hapo turnevisi ndiyo adui mkubwa kuliko wote: inatoboa mpira mpya kabla haujafika barabarani, na mteja analipishwa kiraka cha tundu ambalo fundi mwenyewe amelitoboa.

Juu ya malipo hayo, desturi ya sasa haifai. Janti ikipindwa kwa chuma, mwenye kinga ndiye anayelipa, kwa kuwa "ilikuwa nguvu". Mama muhami hana wa kumlilia. Hamjui chifu wa kata, na anahitaji fundi huyohuyo wiki ijayo. Mafundi wa Baraka, wa Mboko na wa Uvira wanafahamiana. Wanaweza kukubaliana kati yao kwamba aliyeharibu kwa chuma anatengeneza bila malipo. Na mteja naye asilipe kabla ya kuinua gurudumu na kulizungusha: karibu na ukingo wa tairi kuna mstari mwembamba unaozunguka, na umbali wake toka kwenye janti lazima uwe sawa kila mahali. Ukizama sehemu moja au ukitokeza nyingine, tairi haijakaa. Itolewe upepo, irudiwe.

Mashirika ya kiutu na ndugu walio ng'ambo wanaotuma kinga kwa familia za wahami wanafanya jambo jema, na familia zinazipokea kwa furaha. Lakini VTT nzuri yenye tairi za tiubulesi, ikifika mahali pasipo na utomvu wala kompresa ya kuaminika, ndani ya miezi michache inaegemezwa ukutani na kutundikiwa nguo. Kabla ya kununua au kupakia, mtumaji amuulize fundi mmoja wa soko la Baraka vitu vitatu: tairi ya milimita ngapi inapatikana hapa, mpira wa valvu gani unauzwa, na spoki za urefu gani. Kisha atie ndani ya kila sanduku mipira miwili ya ndani na vijiti viwili vya plastiki.