Anga Si Mali ya Mwenye Helikopta

Kila haki ina mpaka wake. Mfugaji ana haki ya kuchunga ng'ombe, lakini hana haki ya kuwaswaga katikati ya mahindi ya jirani. Mpaka wa shamba ni mti, mfereji au ua, na kila mwenye macho huuona. Mpaka wa sauti hauonekani, na kwa kuwa hauonekani, wako watu wajifanyao hawaujui. Miongoni mwao ni wale wasafirio kwa helikopta juu ya vichwa vyetu bila kujali aliye chini.

Tuanze na mji mkuu. Helikopta nyingi za Kenya hupaa kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Siku hizo kando ya mji palikuwa na nafasi tele. Leo uwanja umezungukwa na Lang'ata, Nairobi West na Kibera, mahali penye nyumba, makanisa, misikiti na shule. Husemwa kuwa waliojenga karibu waliukuta uwanja, basi wavumilie. Neno hilo lina ukweli kwa mtu mzima aliyenunua kiwanja akijua. Halina ukweli kwa mtoto aliyezaliwa hapo, ambaye hakuulizwa alale wapi wala asome wapi.

Sauti ya helikopta si kama sauti nyingine. Mapanga yake yazungukapo, kila panga huacha nyuma yake kimbunga kidogo cha hewa. Na helikopta inaposhuka, panga lifuatalo hukipiga kimbunga hicho. Ndipo tusikiapo ule mdundo mzito wa mfululizo. Sauti nzito ya namna hiyo hupenya ukuta na dirisha kwa wepesi kuliko sauti nyembamba. Kufunga mlango, basi, si dawa.

Wako wasemao kuwa kelele haiui, na mtoto huizoea. Wajifunze kwa mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 1992 uwanja wa ndege wa zamani wa mji huo ulifungwa na mwingine ukafunguliwa mahali pengine. Watafiti waliwapima watoto wa pande zote mbili, kabla na baada ya badiliko hilo. Watoto waliofikiwa na kelele mpya walirudi nyuma katika kusoma na katika kukumbuka. Walioondokewa na kelele wakapata nafuu. Ikiwa kelele ilipokwisha akili ilipata nafuu, je, si dhahiri kwamba ilikuwa imeelemewa? Kuzoea mzigo si kuutua.

Labda msomaji wa Sondu atasema kuwa hayo ni mashaka ya miji mikubwa. Sondu ni mji wa soko, katika barabara ya Kisumu na Kisii, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Hatuna uwanja wa ndege. Lakini majira ya kampeni yafikapo, kama ilivyokuwa mwaka 2013, 2017 na 2022, helikopta hutoka mijini zikaenea nchi nzima. Na katika mji mdogo, mahali palipo wazi na tambarare mara nyingi ni uwanja wa shule. Mwalimu yu ubaoni, mabati yanaanza kutetema, vumbi linaingia madirishani, na darasa zima liko nje. Kipindi cha dakika 40 kimekufa, wala hakuna atakayekilipa. Mgeni hupunga mkono, husema kuwa anaipenda elimu, kisha hupaa. Debe tupu haliachi kutika.

Nitaulizwa: mbona husemi juu ya matatu na vinu vya kusagia, ambavyo hupiga kelele kila siku? Vyote vina makosa yao, lakini kinu humsagia unga yuleyule anayekisikia, na matatu humchukua. Helikopta ya fahari hubeba watu wachache, na kelele zake huwaangukia maelfu wasiofaidi kitu.

Wala sisemi helikopta zipigwe marufuku. Ikija kumchukua mgonjwa mahututi, au kuwaokoa watu waliozingirwa na maji katika uwanda wa Kano, na ije hata usiku wa manane. Mlio wake utakuwa habari njema. Ninayoishtaki ni ile inayokuja kwa haraka ya mtu mmoja au kwa kujionyesha.

Wenzetu wameonyesha kuwa jambo hili linatawalika. Katikati ya London, njia za helikopta zimechorwa kwa sehemu kubwa juu ya mto Thames, ili mtu apite juu ya maji badala ya kupita juu ya vitanda. Mwaka 2016 Jiji la New York lilipatana na wenye helikopta za watalii kwamba safari zao kutoka kituo cha jiji zipunguzwe kwa nusu, na Jumapili zisiwepo. Na Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na tangu mwaka 2009 tuna kanuni za kudhibiti kelele. Kinachokosekana ni ujasiri wa kumwambia mwenye helikopta kama tunavyomwambia mwenye baa: punguza.

Yatakiwayo ni machache. Helikopta isitue katika uwanja wa shule saa za masomo, isipokuwa kwa dharura. Njia za angani juu ya miji zichorwe mbali na shule na hospitali. Na mwenye kuvunja amri atozwe faini imuumayo, si ile anayoweza kuilipa akicheka.

Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa marubani, wengine watunga sheria, na wengine abiria wa helikopta hizo. Siku hiyo mtakapotazama chini mkaona mabati ya shule, kumbukeni kwamba chini yake yumo mtu anayejitahidi kusikia neno la mwalimu wake. Zungukeni. Mtachelewa dakika chache tu.