Sadaka ivuke Minara Miwili

Wamisionari Wakatoliki walipofika Unguja mwaka 1860 walianza na hospitali na karakana. Minara Miwili ilijengwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Basi, ndugu zangu, sadaka ya Kwaresima isiishie Mji Mkongwe. Kule Paje na Jambiani akina mama wanalima mwani tangu 1989, na siku hizi bahari ikipata joto mwani unaoza. Vikundi vyao havina ofisi wala mhuri. Vina daftari na kisanduku cha akiba. Tuwaulize kwanza: huenda wanataka kamba na vigingi, nasi tumebeba mchele. “Lakini si Waislamu?” Ndiyo, karibu wote. Na wagonjwa wa 1860 je?