Trela ya ng'ombe huanzia kwenye sakafu

Sisi watu wa mjini tuna mazoea ya kununua gari kwa macho. Mtu hulizunguka mara mbili, akalipiga gurudumu teke, akafungua redio, kisha akaulizia bei ya mwisho. Anayenunua gari la kwendea kazini huenda asijute sana. Lakini anayenunua trela ya kubebea ng'ombe kwa mtindo huo huo, majuto yake yatamfika siku mnyama atakapoteleza njiani na kukataa kusimama tena.

Wala usidhani kwamba habari hizi zinawahusu wenye mashamba makubwa ya Laikipia na Naivasha pekee. Familia nyingi za Nairobi zina ng'ombe wawili watatu huko nyumbani, na kila kukicha kuna mmoja wa kupelekwa kwa fahali, mwingine wa kuuzwa, mwingine wa mahari. Nawajua ndugu watatu, wote ni waajiriwa hapa jijini, ambao wamechoka kukodisha kanta kila mara. Wamechanga pesa ili wanunue trela mpya ya kukokotwa na pikapu yao. Safari ya kwanza ilikusudiwa kuwa ya mtamba mwenye mimba ambaye wamemnunua Njoro, wampeleke Kinangop. Mtamba wa aina hiyo siku hizi hununuliwa kwa zaidi ya laki moja, kwa hivyo si mzigo wa kufanyiwa majaribio.

Kaka mkubwa alikuwa amekwisha kuipenda trela moja yenye rangi ya kijani inayong'aa. Dada yao mdogo ndiye aliyeinama, akachungulia ndani na kuuliza, "Kaka, hapa ng'ombe atashikilia nini kwa miguu?"

Naam, hilo ndilo swali la kwanza. Ng'ombe akiwa safarini aghalabu husimama. Hujipanga kwa urefu wa gari au kwa upana wake, akatanua miguu na kujizuia kila dereva anapokata kona au kukanyaga breki. Sakafu ya chuma kitupu, hata ile yenye vichomozo vya maua maua, hugeuka sabuni ikishalowa mkojo na samadi. Dawa yake si ghali. Mwambie fundi wa jua kali achomelee nondo juu ya sakafu, zikatane kufanya miraba ya sentimita 30 hivi, na zilale bapa kabisa ili kwato zisinase chini yake. Ukipenda sakafu ya mbao, chagua mbao ngumu na uache nafasi ndogo za kupitisha maji. Kisha mwaga mchanga au unga wa mbao kabla ya kila safari. Kadhalika, lala chini ya trela utazame vyuma vinavyoibeba sakafu hiyo, kwani mkojo wa ng'ombe hula chuma kuliko mvua. Muuzaji akiona haya kukuruhusu uchungulie huko, nenda kwa mwingine.

Jambo la pili liliwaletea ndugu hao mabishano ya jioni nzima. Trela ile ilikuwa na urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na kaka mkubwa akasema itabeba ng'ombe wanne. Msomaji aliye darasani achukue kalamu. Eneo hilo ni kama meta 6.7 mraba. Friziani mkubwa wa kilo 600 huhitaji takriban meta moja na nusu mraba, kwa hivyo ni kweli wanne wataenea. Lakini wanne hao ni kilo 2,400, na trela yenyewe ni kilo 900. Jumla ni kilo 3,300. Kitabu cha pikapu yao kinaruhusu kukokota kilo 2,500 endapo trela ina breki zake yenyewe, na kilo 750 tu ikiwa haina. Maana yake ni kwamba bila breki, hata trela tupu ingewashinda! Na ikiwa nazo, ng'ombe ni wawili, basi.

Nafasi inayobaki nayo ina hatari yake. Wengi hufikiri kwamba ng'ombe akipewa ukumbi mkubwa anastarehe, kumbe hurushwa huku na huko. Wakibanwa mno nako, anayeanguka hapati pa kuinukia na wenzake humkanyaga. Kwa sababu hiyo trela nzuri huwa na lango la katikati la kuwatenganisha wanyama na kupunguza nafasi. Mzigo nao ukae mbele kidogo ya magurudumu, ili kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wote hivi ikalie ndoano ya pikapu. Uzito ukienda nyuma, trela huanza kutikisa mkia, na dereva akishtuka akakanyaga breki, mambo huharibika. Na kwa kuwa barabara zetu huinuka katikati, nasi twaendesha upande wa kushoto, ng'ombe aliye mzito zaidi asimame upande wa kulia.

Tukija kwenye mlango, nakuomba ujifanye ng'ombe kwa dakika moja. Profesa mmoja Mmarekani, Temple Grandin, alipata sifa duniani kwa jambo rahisi kama hilo. Aliingia mwenyewe kwenye vijia vya mifugo na kutazama kile ambacho ng'ombe hukiona. Mnyama huyu ana macho ya pembeni, huona karibu pande zote, na kivuli au mnyororo unaoning'inia humtia hofu. Haingii kwa hiari kutoka kwenye jua hadi kwenye giza totoro. Hivyo basi, ubavu wa chini wa trela uzibwe, wa juu uachwe wazi upitishe hewa na mwanga, na sakafu iwe chini kiasi cha ng'ombe kuikanyaga kwa hatua moja. Trela ambayo magurudumu yake yako nje ya bodi huwa fupi kwenda juu na haipinduki upesi. Ikiwa sakafu yako iko juu, rudisha trela nyuma hadi kwenye kingo ya udongo. Wale vijana wa kukunja mkia na kupiga fimbo hawatahitajika, na hata sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haiwapendi.

Anayepeleka ng'ombe kichinjioni asidhani haya hayamhusu. Mnyama aliyesumbuliwa njiani humaliza sukari iliyo katika misuli yake, na nyama yake hutoka nyeusi na kavu, haikai siku nyingi. Palipogongwa hukatwa na kutupwa. Mchinjaji halipii donda.

Ndugu zetu hatimaye waliiacha ile ya kijani. Wamempa fundi kazi ya kutengeneza ya futi 10, yenye ekseli mbili, breki, na turubai la kukinga jua. Mtamba wa Njoro naye amesogea hadi mwezi wa nane, na daktari wa mifugo akawaambia wazi kwamba ng'ombe aliyekaribia kuzaa hasafirishwi. Atazalia huko huko, nao watalipa malisho. Kaka mkubwa amenung'unika, lakini amelipa.

Siku ya safari ikifika, kibali cha kuhamisha mifugo kichukuliwe mapema kwa afisa wa mifugo, maana ugonjwa wa midomo na miguu ukizuka eneo huwekewa karantini na polisi hawatasikiliza hadithi. Trela nayo husajiliwa na kupewa nambari yake, mbali na ile ya pikapu. Ondokeni alfajiri. Baada ya kilomita chache za kwanza simameni mtazame kama wote wamesimama wima, kisha msisimame tena bila sababu, kwani trela iliyoegeshwa juani hupata joto kama tanuri. Dereva anayetaka nyama choma Gilgil saa sita mchana aiagize ya kubeba. Mkifika, maji kwanza, kisha majani makavu, na umwache mnyama alale. Maziwa yakipungua kwa siku chache msimlaumu aliyewauzia.